Nyumba Ni Yetu, Karatasi Ni ya Marehemu

Kwa muda wa miezi kumi na sita nililipa banki dola 250 za bule kila mwezi. Fanyeni hesabu: ni dola 4,000. Haikuwa faini. Sikukosa kulipa hata mwezi mumoja. Feza ile ilienda juu ya saini chache zilizokosekana mu kitabu cha serikali, na saini ya kwanza ilikuwa ya deni ambalo marehemu baba yangu aliisha kulimaliza angali muzima, risiti mukononi.

Ninaandika hii juu ninajua siko peke yangu. Mu bisi inayotupeleka ku posti ya asubui, tukianzisha mazungumuzo ya nyumba, kila mutu ana yake. Huyu nyumba iko kwa jina la nkambo. Yule alinunua parsele kwa mutu aliyeinunua kwa mutu mwingine, na wote wawili wamehama. Mwingine karatasi zake zilinyeshewa na mvua, anabaki na fotokopi tu. Tunacheka, tunashuka, tunavaa kofia za kazi, tunasahau. Mpaka siku ya kuhitaji banki.

Baba yangu alitumika miaka 27 mu kampuni kubwa ya hapa kwetu. Wakati wa kuondoka kwa kujitolea, ile ya 2003 ambayo watu zaidi ya 10,000 walipewa hesabu ya mwisho, yeye alikuwa mumoja wao. Nyumba ya kampi tuliyokuwa tunakaa pa Likasi ilikatwa mu hesabu yake. Wale waliokomalia mu kampi wanajua maana ya neno hilo. Tangu wakati wa Union Minière, nyumba ilikuwa kama posho: kazi ikiisha, na nyumba inaisha. Njo maana siku baba alipoleta nyumbani certificat d'enregistrement yenye jina lake, mama alipika kuku wawili na kuita majirani. Hatukuwa tena watu wa kampi. Tulikuwa watu wa kwetu.

Mwaka wa 2009 baba alikopa mu kopere moja ndogo ya kuweka feza, anunue mashini ya kusaga bunga. Kopere iliomba nyumba kama garanti, na ipoteke ikaandikwa ku konservasio ya titre. Ipoteke, ni kusema nyumba imeshikwa juu ya deni: usipolipa, wanaweza kuiuzisha mbele ya sheria. Baba alilipa yote kwa miaka mitatu. Alipewa risiti ya mwisho, akapeana mukono na jera wa pale, akarudi nyumbani anaimba. Hakuna mutu aliyemuambia kama kumaliza deni na kufuta ipoteke ni mambo mawili. Kisha kopere ilifunga milango. Mwaka wa 2015 baba naye akatuacha.

Sasa mimi. Mwaka wa 2019, nikiwa ninatumika mu machimbo upande wa Kolwezi, nilikopa ku banki juu ya mushahara wangu. Wakaniuliza kama niko na kitu cha kuongezea. Nikapeleka karatasi ya nyumba ya baba. Ajenti aliitazama, akaitikia na kichwa, akaiweka mu tiruwari. Miaka ikapita. Halafu watoto wawili wakaingia iniversite pa Lubumbashi, na zile chumba tatu nilizozijenga nyuma ya nyumba ya baba kwa kulipisha zikabaki bila bati. Nilikuwa ninalipa dola 640 kila mwezi. Nikaomba banki tubadilishe kredi: ile ya zamani ifungwe, tufungue mupya ya miaka mingi zaidi, juu ya nyumba. Wakafanya hesabu mbele yangu: ningelipa dola 390. Nikarudi kazini na roho nzuri.

Juma mbili nyuma yake wakaniita. Alinipokea bibi kijana wa upande wa sheria, mwenye heshima sana.

«Papa, nyumba batu bote banajua ni ya kwenu. Lakini karatasi inasema ni ya marehemu. Na marehemu angali na deni.»

«Deni gani tena, mama? Muzee aliisha kulipa! Risiti njo hii.»

«Risiti ni ya muzee na ile kopere. Kitabu cha serikali hakijue risiti.»

Alikuwa na haki, na hapo njo ninataka tuelewane vizuri, juu wengi wetu tunafikiri karatasi ni karatasi. Sheria ya udongo mu inchi yetu, ile ya tarehe 20 Juillet 1973, inasema udongo wote ni wa Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inasimama mbele ya sheria kwa kitu kimoja tu: certificat d'enregistrement. Livret de logeur ya nkambo haitoshi. Fiche parcellaire haitoshi. Attestation ya shefu wa kartie haitoshi, hata kama ina tamponi tatu. Barua ya kuuziana iliyoandikwa mbele ya mashahidi wawili na kreti ya Simba haitoshi, hata kama nyote mulikunywa. Kontra ya lokasio nayo ni mulango wa kuingilia tu, ya muda mufupi, bado siyo nyumba yenyewe. Ukiwa na moja ya hizo, unaweza kukaa miaka makumi bila mutu kukusumbua. Lakini ipoteke haikai juu yake.

Na ile certificat yenyewe, iangalieni. Ina namba mbili, volime na folio. Namba hizo ni za kitabu kikubwa kinachobaki kwa konservatere. Karatasi iliyo mu valizi yenu na ukurasa ule wa kitabu lazima viseme neno moja. Pale njo wanaandika jina la mwenye haki, ukubwa wa parsele, na mizigo iliyo juu yake, ipoteke ikiwa mbele. Mutu akimaliza deni, aliyemukopesha lazima atoe karatasi inaitwa mainlevée, ni kusema «ninamuachilia». Konservatere anapoipata, anafuta. Bila hiyo, deni lililolipwa linabaki linasimama kama mulinzi aliyesahaulika ku mulango: kazi yake imekwisha, lakini hakuna mutu aliyemuambia aende, na bado anazuia watu.

Nilimuuliza yule bibi swali moja ambalo mpaka leo linaniwasha. Nilisema: karatasi hii mulikuwa nayo mu tiruwari miaka mitano. Jina la marehemu lilikuwa juu yake tangu siku ya kwanza. Ipoteke ya kopere ilikuwa nyuma yake tangu siku ya kwanza. Mulikuwa munangojea nini? Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia ukweli. Ile kredi ya kwanza ilikuwa imesimama juu ya mushahara wangu, uliokuwa unapitia kwao. Karatasi ya nyumba waliishika tu, nisiende nayo kwingine. Hakuna aliyeisoma.

Ndugu zangu, hapo njo nilianza kukasirika. Na hasira ikikaa muda murefu inakufundisha kupambanua. Mu ile miezi kumi na sita, miezi saba ilikuwa ya familia, na miezi tisa ilikuwa ya saini ya kopere. Zamani nilikuwa ninasema yote ni «bya serikali, kutusumbua bule». Leo sisemi tena vile. Kuna kuchelewa kunakolinda watu na kuna kuchelewa kunakokula watu, na sisi tunavitukana vyote pamoja.

Nianze na kile kinachokula.

Kopere imefungwa, nani ataweka saini? Walinituma kwa likidatere, yule mutu anayewekwa kumalizisha mambo ya nyumba ya feza iliyokufa. Mimi natumika siku 14, ninapumuzika siku 7. Biro za serikali na za likidatere zinafunguliwa saa zile zile ambazo mimi niko ndani ya shimo. Kwa hiyo mapumuziko yangu yote yalienda mu barabara: Kolwezi mpaka Likasi, Likasi mpaka Lubumbashi, kulala kwa shemeji, kurudi. «Mwenye funguo hayuko.» «Rudia juma yenye kuya.» «Leta fotokopi ya kitambulisho cha marehemu.» Ninaleta. «Hii haionekane muzuri, leta ingine.» Dosie za ile kopere zilikuwa mu makartoni, na makartoni yalikuwa yamehamishwa mara mbili. Bibi yangu alianza kuniuliza kama niko na nyumba ya pili pa Lubumbashi.

Pale inje ya biro kuna vijana wenye kufahamu sana. Wanakuona umekaa, wanakuletea kiti, wanakuita vieux. «Vieux, dola 300 tu, kesho iko muzuri.» Mwenzangu mumoja wa posti alitoa. Alipata certificat nzuri, mupya, inangaa, yenye tamponi ya buluu. Alipoipeleka banki, walienda kuitazamia mu kitabu: folio ile ni ya parsele ya mutu mwingine, ku kartie ingine. Sasa hana feza, hana karatasi, na anaogopa hata kurudi kuuliza juu wanaweza kumuuliza yeye. Kwa hiyo kitu kimoja musisahau: feza ya serikali inalipwa kwa note de perception, ku banki, na unabaki na alama ya malipo. Asiye na note de perception, hata akiwa na krawati, anakuuzia upepo. Na mbele ya kununua parsele yoyote, peleka volime na folio kwa konservatere, uombe waifungue mbele yako. Ni safari ya siku moja. Mwenzangu angeifanya.

Mwezi wa tisa likidatere alipatikana, akasoma risiti ya baba, akatia saini. Ilichukua dakika tano. Ninasema dakika tano, nilitazama saa. Kama asingepatikana, ingebakia kwenda mbele ya tribunali kuomba hukumu ya kufuta, na bado ningekuwa ninatembea mpaka leo.

Kuchelewa hiyo haikulinda mutu yeyote. Deni lilikuwa limelipwa, mwenye kukopesha alikuwa amelipwa. Njo maana ninasema wazi: mainlevée isiwe kazi ya mwenye kulipa. Banki ikisha kupokea malipo ya mwisho, iandike mainlevée mwezi ule ule na iipeleke yenyewe kwa konservatere. Wao njo walienda mbio kuandika ipoteke siku ya kutoa feza. Mbio zile zile zinaweza kwenda kuifuta. Ukisaini kontra ya kredi leo, omba liandikwe ndani: nani ataleta mainlevée, na kwa siku ngapi. Wakikataa kuliandika, umeisha kujua kitu. Na siku karatasi yako inapoingia mu tiruwari yao, ombeni mbele yenu waisome mpaka nyuma, na waandike inakosa nini. Mutu akijua mwaka wa kwanza, ana miaka mitano ya kutengeneza. Akijua mwaka wa tano, ana usiku tu wa kulia.

Sasa ile kuchelewa ingine, ya familia. Hiyo nilikuwa ninaitukana kwa sauti kubwa zaidi, na leo ninaona haya.

Baba alikufa, certificat ikabaki kwa jina lake. Mimi ni muzaliwa wa kwanza. Mu kichwa changu, nyumba ilikuwa yangu: mimi njo ninalipa umeme, mimi njo nilibadilisha bati, mimi njo niliongeza chumba. Nilifikiri nitaenda kwa konservatere na akti ya kifo, waandike jina langu, tuendelee. Wakanirudisha. Walitaka hukumu ya tribunali inayoonyesha warizi wote wa marehemu na likidatere wa urizi, na mbele ya hukumu, mukutano wa familia na prose-verbale yenye saini za wote.

Tukakutana mu saluni ya mama. Dada yangu alitoka Kalemie. Ndugu yangu anayekaa Ndola alituma prokurasio. Na alikuja dada yetu mudogo, yule baba alimuzaa inje. Nikisema ukweli, sikumualika. Mama njo alimuita. Baba mudogo alipomuona akauliza kwa sauti: «Na huyu naye anatafuta nini?» Yule mutoto hakujibu. Alifungua begi, akatoa karatasi ya komini: baba alikuwa amemuandikisha kama mutoto wake, tangu akiwa na miaka miwili. Hatukujua. Mama alijua.

Kode ya familia iko wazi, na ile ya 1987, na ilivyotengenezwa upya 2016. Watoto wa marehemu njo kundi la kwanza la warizi, wavulana na wasichana sawasawa, wa mu ndoa na wale aliowatambua inje ya ndoa. Wao wanapata robo tatu. Mujane, wazazi na ndugu za marehemu wako mu kundi la pili. Na mujane ana haki ya kuendelea kukaa mu nyumba waliyokuwa wanakaa na bwana yake. Muzaliwa wa kwanza hapewi nyumba. Anapewa kazi: yeye njo likidatere, ikiwa wengine hawakumuchagua mwingine na tribunali ikimukubalisha. Kulikidé siyo kumeza. Ni kugawanya na kutoa hesabu. Wazaliwa wa kwanza wengi tunaposoma neno hilo tunasoma vibaya, na mimi nilikuwa mu mustari wa mbele.

Mukutano ulikuwa unaenda kuisha wakati mama aliomba neno. Alikuwa amekaa kimya toka asubui, anashona kitambaa. Alisema: «Mutoto wangu, uniambie kitu kimoja. Siku bei ya shaba itaanguka, bakufukuze kazi, ushindwe kulipa banki, miye nitaenda kulala wapi?»

Nikamuambia bei ya shaba ni nzuri, mama. Akaniambia: «Hata mwaka wa baba yako ilikuwaka muzuri mbele ya kuwa mubaya.»

Sikuwa na jibu. Sisi watu wa machimbo tunajua ile hesabu kuliko mutu yeyote. Tumeona kampuni zinaajiri asubui na kusimamisha mangaribi. Tumeona wazee wanakaa miezi na miezi bila mushahara. Na mimi nilikuwa ninataka kuchukua kitu kimoja tu ambacho familia yetu ilitoa mu ile moto, nikiweke tena mu moto, juu ya deni langu mwenyewe, bila kuuliza mutu. Kama konservatere angekubali akti ya kifo tu, ningefanya vile mu juma moja. Mama asingeulizwa. Dada yetu mudogo asingejulikana. Ile miezi iliyoniudhi njo ilinizuia.

Kwa hiyo wanaume wenzangu wanaosema tribunali na saini za familia ni kupoteza wakati, siko nao tena. Ni kama sheria inayodai saini ya bibi mbele ya kuweka nyumba garanti. Iko, na haijali nyumba ilinunuliwa na nani. Najua kuna wanaume wanaopeleka banki bibi wa kuazima asaini mahali pa mwenyewe. Na nyinyi munaosoma hii munawajua. Siku mali itakaposhikwa, yule bibi wa kweli atasikia kwa hisie anayegonga mulango.

Lakini hata kuchelewa inayolinda haina lazima ya kuwa mirefu vile. Ile mukutano tungeweza kuufanya mwaka wa 2015, nyuma ya matanga, wakati wote walikuwa pa Likasi na machozi yangali mabichi. Ama vizuri zaidi: baba angali hai angetuonyesha kila karatasi, atuambie kopere ile, atuambie mutoto yule. Kwetu watoto kumuuliza muzee habari ya makaratasi inaonekana kama unamuombea kifo. Mimi nimeisha kuita wanangu, na yule wa iniversite alisema: «Papa, uko mugonjwa?» Nikamuambia hapana, kaa chini, hii ni volime, hii ni folio, hii bado inakosa kitu.

Na sendika zetu pia ziamke. Kila mwaka tunajadili nguo za kazi, ngano ya bunga, transpo, na ni vizuri. Lakini mutu mwenye siku 14 za kazi hawezi kupanga mustari ku biro inayofunga saa tisa. Delege mu mazungumuzo na kampuni aombe siku mbili za kulipwa juu ya mambo ya nyumba, kama tunavyopata juu ya matanga. Na aombe watu wa kadastre na wa titre wafike kule kwenye site mara moja kwa miezi mitatu, wapokee dosie. Doktere wa macho anafika, mutu wa asiranse anafika. Konservasio ni mbali kuliko doktere?

Wakrezere nao wako mu hatari kubwa kuliko sisi. Banki haiwaone kabisa, juu hawana karatasi ya mushahara. Lakini mwezi muzuri ukija, wananunua parsele kwa feza mukononi, juu ya karatasi ya kayé. Kesho kampuni au mutu mukubwa anatokea na certificat ya pahali pale. Na certificat ikipita miaka miwili bila kushitakiwa, kuiangusha mbele ya tribunali inakuwa karibu haiwezekane. Aliye na kaka au shemeji mu ile kazi amusomee aya hii.

Mwisho wetu ulikuwa hivi. Dada yangu wa Kalemie njo alileta wazo. Parsele ni kubwa, ile ya zamani ya kampi, inaweza kugawanywa. Tuliomba kadastre wapime, waweke mipaka mupya, na certificat ya baba ikatoa mbili. Mbele, nyumba na mutende wake wa mwembe: inaandikwa kwa majina ya watoto wote wengine, dada mudogo akiwa ndani, na mama anakaa mule mpaka mwisho wa siku zake. Nyuma, zile chumba tatu na uwanja wake: kwa jina langu, na mimi nikaacha sehemu yangu ya mbele. Baba mudogo alinunguna, kisha akasaini.

Banki ilipopima nyuma peke yake, feza ilipunguka. Sikupata ile kredi niliyoiota. Ninalipa dola 470, siyo 390, na chumba moja ingali bila bati. Bibi yangu alisaini, yeye mwenyewe, na kalamu yake. Mu kontra, nyuma ya kubishana siku mbili na yule bibi wa sheria, kuna mustari mumoja unaosema mainlevée itapelekwa na banki.

Certificat ya mbele iko mu valizi ya mama, chini ya kitanda. Juma ilyopita nilimuomba anionyeshe tena niandike namba za folio. Alinisomea namba akiwa chumbani, mulango umefungwa. Ufunguo wa valizi hata dada zangu hawajue anauweka wapi.